Ndege wa gatini na mtoni: Jumamosi moja wamejaa, inayofuata hawapo. Nakosea wapi?

UkingoWaMto:

Habari zenu wadau. Naomba msaada wa wenye uzoefu na ndege wa maji.

Eneo lenyewe ni gudi la zamani (bwawa la kuegeshea meli) lenye lango la maji. Nje yake kuna mto unaopita mjini, na kutoka hapo hadi baharini ni kama kilomita mbili. Hesabu inafanyika kila Jumamosi, saa 1 hadi saa 2 asubuhi, kutoka sehemu ileile ya ukingo. Matokeo ya wiki nne ni haya:

Wiki ya 1: ndege wadogo wa matopeni 64, sululu (wa mdomo mrefu uliopinda chini) 3, mnandi (weusi wanaozamia samaki) 11.
Wiki ya 2: wadogo 5, sululu hakuna, mnandi 12.
Wiki ya 3: wadogo 58, sululu 4, mnandi 9.
Wiki ya 4: wadogo 7, sululu hakuna, mnandi 11.

Mvua haikunyesha, upepo ulikuwa wa kawaida, na hakuna kazi mpya iliyoanza gatini. Maswali ni matatu. Kwa nini wadogo wanapanda na kushuka namna hii huku mnandi hawabadiliki? Hao wadogo, ambao wote wanaonekana kahawia na nyeupe, wanatofautishwaje kwa darubini ya 10x42 (inakuza mara 10, lenzi ya mbele milimita 42)? Na kumbukumbu za mwaka mzima zipangwe vipi ili zionyeshe misimu kweli?

---

BamvuaNaMafu:

Mkuu, chukua ratiba ya maji kujaa na kupwa ya bandari iliyo karibu uilinganishe na hizo Jumamosi nne. Takwimu zako zinasema zenyewe.

Mahali penye kujaa mara mbili kwa siku, maji hujaa kwa kuchelewa dakika 50 hivi kila siku. Siku saba ni dakika 350, yaani karibu saa sita. Kutoka maji kujaa hadi kukupwa ni saa 6 na dakika 12 hivi. Kwa hiyo ukifika kila Jumamosi saa 1 asubuhi, wiki moja unakuta matope wazi na wiki inayofuata unakuta mto umejaa hadi ukutani. Baada ya wiki mbili maji yanarudi karibu palepale, yakiwa na tofauti ya dakika 40 hivi. Ndiyo maana wiki yako ya 1 inafanana na ya 3, na ya 2 inafanana na ya 4. Ulishika saa ya ukutani, na ndege wanafuata saa ya maji.

Mnandi hawaathiriki kwa sababu wanavua ndani ya gudi. Lango linazuia maji yasishuke, kina ni kilekile mchana kutwa, na samaki wamo. Ila gudi hilohilo halina faida kwa ndege wa matopeni, kwa kuwa kuta zake zimesimama wima na tope halifunuki kamwe. Gudi na mto yahesabu kama maeneo mawili, kila moja na ukurasa wake. Ukijumlisha namba zake hutaelewa lolote.

Sasa wale 60 wanakwenda wapi maji yakijaa? Hawaendi mbali. Wanasimama wakisubiri: kwenye ncha ya gati lisilotumika, juu ya matishari yaliyofungwa, kwenye nguzo za zamani, mapaa mapana ya maghala, au nyasi fupi nyuma ya uzio. Tafuta sehemu iliyochafuka kwa vinyesi vyeupe, kisha nenda hapo saa moja kabla ya maji kujaa na ukae hadi saa moja baada yake. Hesabu ya hapo ni bora kuliko ya matopeni, maana wamebanana na hawatembei. Wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) wanabanwa zaidi, kwa sababu hata kingo za chini zinafunikwa. Wakati wa maji mafu (yasiyojaa wala kupwa sana) huenda tope kidogo likabaki wazi na wengine wasije kabisa.

Kama unataka kuwaona wakila, usisubiri maji yakupwe kabisa. Hapo wanatawanyika hadi mwisho wa tope na unabaki kuangalia vidoa. Saa ya pili na ya tatu baada ya maji kuanza kushuka ndizo nzuri, kwani tope linafunuka kama ukanda mwembamba chini ya ukuta nao wote wanakula humo.

Jambo moja linalowaangusha wengi: ratiba ni ya bandari, na wewe uko kilomita mbili juu ya mto. Maji yanakufikia kwa kuchelewa. Chagua ngazi au jiwe moja ukutani, andika kwa siku saba dakika ambayo maji yanaliacha, kisha ilinganishe na ratiba. Wastani wa tofauti hiyo ndio wa kuongeza kila mara. Mvua kubwa ikinyesha huko juu, usiuamini, kwa sababu mto wenyewe unaweza kushikilia maji juu ya tope hata ratiba ikisema yamekupwa.

---

Kitwitwi_wa_Gati:

Nijibu la pili. Majina ya Kiswahili ya hawa wadogo yanagongana. Anayeitwa kitwitwi na mmoja ni chamchanga kwa mwingine. Kwa hiyo kwenye daftari andika la kisayansi.

Usianze na rangi. Anza na mwendo.

Anayetikisa sehemu ya nyuma juu na chini bila kupumzika, yuko peke yake au wawili, na anatembea kwenye mawe, kamba na kingo za mashua, ni *Actitis hypoleucos*. Tumbo ni jeupe na weupe huo unapanda kama kabari kati ya kifua na bawa. Akiruka, huruka chini sana juu ya maji, mabawa yamepinda kuelekea chini na yanapigwa kwa mitetemo mifupi. Huyo ndiye ndege halisi wa gatini, kwani anaridhika na ukuta wa zege.

Anayekimbia, akasimama ghafla, akadonoa, akakimbia tena, mwenye ukanda mmoja mweusi kifuani na kola nyeupe, ni *Charadrius hiaticula*. Anayegeuza mawe na magugu kwa mdomo mfupi, miguu mifupi ya rangi ya chungwa, ni *Arenaria interpres*. Aliye mkubwa kuliko hao, miguu mirefu ya kijani hafifu, mdomo uliopinda kidogo kwenda juu, ni *Tringa nebularia*. Akishtuka anapiga mlio wa sauti tatu, na mgongoni unaona kabari nyeupe ikipanda juu. Sululu wako, kama kichwa kina michirizi na mlio ni mfululizo wa sauti fupi kama saba, ni *Numenius phaeopus*.

Wa kukuchanganya ni *Tringa ochropus*. Naye hutikisa mkia, lakini mgongo ni mweusi zaidi, na akiruka chini ya mabawa ni giza na juu ya mkia ni nyeupe pe. Hupenda zaidi maji baridi, kwa hiyo mtafute juu ya mto na kwenye mifereji.

Rangi ya miguu inadanganya ikiwa na tope. Mngoje aoge au apite kwenye maji. Ukubwa nao unadanganya akiwa peke yake. Mlinganishe na aliye jirani ambaye unamjua. Usipopata uhakika, andika "kitwitwi, hakujulikana" na idadi. Mstari huo una thamani kuliko jina la kubahatisha.

Kuhusu 10x42: ni nzuri, ila mkono ukitetemeka inatetemeka mara kumi. Egemeza viwiko juu ya ukuta. Alfajiri na jioni 8x42 inapitisha mwanga zaidi jichoni, maana duara la mwanga ni milimita 5.25 dhidi ya 4.2. Darubini kubwa ya tripodi inasaidia kwenye tope pana, lakini kuanzia saa 4 asubuhi joto linalopanda kutoka kwenye zege na mabati linafanya picha icheze, na kukuza zaidi ya mara 30 hakuongezi chochote. Na asubuhi simama ukingo wa mashariki uangalie magharibi. Jua likiwa mbele yako kila ndege ni mweusi, na hapo ndipo makosa mengi ya utambuzi yanapozaliwa.

---

UkingoWaMto:

Asanteni sana. Nimeangalia ratiba: wiki ya 1 na ya 3 maji yalikuwa yanashuka, wiki ya 2 na ya 4 yalikuwa yamejaa. Limebaki la kumbukumbu. Pia, nyuma ya uzio wa bandari kuna gati tupu lenye vinyesi vingi vyeupe. Inafaa kuingia? Na pembeni ya gudi kumeonekana bata wawili waliolegea shingo.

---

DaftariLaMwaka:

Nianze na bata, hilo haliwezi kungoja. Usiwashike. Shingo iliyolegea na miguu isiyofanya kazi, kwenye maji yenye joto yaliyotuama na magugu yanayooza, mara nyingi ni sumu ya bakteria *Clostridium botulinum*. Shingo iliyopinda, kutetemeka na kuzunguka palepale huelekea zaidi kwenye mafua ya ndege kama H5N1. Lakini kwa macho huwezi kuthibitisha. Hilo ni la maabara. Andika saa, mahali, aina na idadi, piga picha ukiwa mbali, na uwaarifu maofisa wa mifugo leo hii. Mbwa asisogee. Viatu vyako visafishe kabla ya kwenda eneo jingine, na kwa wiki mbili hizi hesabu pia wagonjwa na waliokufa, kila mara.

Uzio: usiuvuke. Tangu Julai 1, 2004 bandari zinazopokea meli za safari za kimataifa zinafuata kanuni za usalama za ISPS, na mtu mwenye darubini ndani ya uzio bila kibali anakamatwa hata kama nia yake ni ndege. Omba kibali cha maandishi chenye siku na saa, au tafuta daraja au jengo la umma linaloliona gati hilo. Ukipewa kibali, usisimame karibu na kamba ya meli iliyokaza. Ikikatika inarudi kwa nguvu ya kuua. Ngazi zenye mwani zina utelezi, usizishuke peke yako.

Sasa daftari. Chagua vituo vitatu au vinne visivyoonana, ili ndege mmoja asihesabiwe mara mbili. Kila kituo dakika 10, mpangilio uleule, na acha kuchagua Jumamosi: chagua hali ya maji. Hesabu mbili kwa mwezi zinatosha, moja maji yakijaa wakati wa bamvua, nyingine saa mbili baada ya kuanza kushuka. Siku yoyote itakayoangukia, nenda siku hiyo. Mnandi wanaopita juu ya mto andika mwelekeo wao, maana waliopanda asubuhi ndio hao hao watakaoshuka. Kundi kubwa hesabu kumi kwanza, uone wanachukua nafasi gani, kisha pima kundi zima kwa nafasi hiyo. Kundi likiruka, angalia juu kabla ya kuendelea: pengine ni *Falco peregrinus*, kozi anayependa minara na kreni, na hesabu ya siku hiyo inahitaji alama.

Kila mstari uwe na tarehe, saa, hali ya maji, upepo, usumbufu uliopo, aina, idadi. Na sifuri iandikwe. Bila sifuri, mwakani hutajua kama sululu hawakuwapo au hukuangalia. Ukiingiza kwenye eBird (tovuti ya kumbukumbu za ndege), chagua orodha kamili tu kama kweli uliandika kila aina uliyotambua.

Kuhusu misimu, wengi hudhani ndege wahamiaji hufika kwa mkupuo mmoja. Hawafanyi hivyo. Wanaozaliana kaskazini huanza kurudi kusini mwishoni mwa Juni na Julai, wazima wakitangulia, wengine bado na mabaki ya manyoya ya kuzalia. Makinda hufuata kuanzia Agosti, manyoya yao mapya yana kingo safi za rangi ya mchanga. Kwa hiyo unaweza kupata vilele viwili, na usipoandika umri utaviona kama kelele za takwimu tu. Machi hadi Mei wanarudi kaskazini, mara nyingi kwa haraka zaidi. Nchi za joto na za kusini, Juni si mwezi mtupu: wa mwaka wa kwanza wengi hawaondoki, na hawa wanapaswa kuhesabiwa kwa makini kwa sababu watu wengi huwa wamepumzika.

Shakwe nao waandikie umri. Aina kubwa huchukua miaka minne hivi kufikia manyoya ya utu uzima, aina ndogo miwili. Wanaolala gudini wahesabu jioni, kuanzia saa moja na nusu kabla ya jua kuzama.

Ukiona pete za rangi miguuni, andika mguu wa kushoto kwanza kisha wa kulia, juu ya kiungo kinachopinda nyuma kama goti au chini yake, rangi kutoka juu kwenda chini, na herufi kama zipo. Kushoto ni kwa ndege, si kwako. Kosa hilo moja linafanya taarifa nzima isitumike.

Weka safu ya viumbe wengine pia. Kereng'ende *Pantala flavescens* hufuata mvua na huweza kufika kwa maelfu, na mbayuwayu huja nyuma yao juu ya maji. Makundi ya samaki wadogo yakiingia mtoni, buabua na mdiria huongezeka siku hiyo hiyo. Ukiwa na tarehe za vyote pamoja, utaona nani anamfuata nani.

Na hesabu ya Januari usiikose. Hesabu ya kimataifa ya ndege wa maji, inayoratibiwa na Wetlands International, hufanyika mwezi huo tangu 1967. Waulize waratibu wa nchi kama eneo lako lina namba. Kama halina, gudi na mto wako vinaweza kuingizwa, mradi mipaka uliyochora mwaka huu isibadilike mwakani.

---

BamvuaNaMafu:

Naongeza moja tu kwa hapo juu: kabla ya kuchagua tarehe za mwaka mzima, hakikisha maji ya kwenu yanajaa mara mbili kwa siku. Zipo pwani zinazojaa mara moja tu, na huko ile hesabu ya dakika 350 haifanyi kazi. Ukurasa mmoja wa ratiba unatosha kukuonyesha.