Ushauri wakuu: siku tano Oita, Japani, maji moto na mahekalu, ila mie sivui nguo mbele ya watu

Mwana_Chumbageni

Habari zenu wakuu, na dada zangu mliomo humu. Mume wangu yuko Kitakyushu kwenye kozi ya mambo ya maji, anamaliza katikati ya Novemba, tumekubaliana nimfuate akimaliza tukae siku tano ndo turudi wote Tanga. Tokyo sitaki, Osaka sitaki, maghorofa na foleni za Dar zimenitosha. Nataka shamba. Nimesoma soma nikaona mkoa wa Oita uko hapo hapo Kyushu, kusini kidogo ya alipo yeye, una mji wa Beppu wenye maji moto halafu kuna rasi inaitwa Kunisaki ina mahekalu ya zamani huko msituni, roho ikapenda.

Sasa shida zangu. Hayo maji moto nasikia watu wanaingia uchi kabisaaa, hata kanga hairuhusiwi. Mie nimelelewa Tanga jamani, sivui hata mbele ya dada yangu wa tumbo moja. Halafu chakula, sisi hatuli nguruwe wala kitu chenye pombe na wenzetu nasikia wanaitia mpaka kwenye mchuzi wa samaki. Na tukodi gari au tupande mabasi? Leseni mume wangu anayo ila Kijapani chetu kinaishia arigato.

Msinicheke, nipeni mawazo.

Boksi_la_Kusini

Dada umefika penyewe, mi nimesoma Beppu miaka minne, chuo chenyewe kiko juu mlimani na wageni wamejaa kutoka kila kona ya dunia kwa hiyo mji ule umeshazoea nyuso zetu, hakuna atakayekushangaa sana. Msikiti pia upo, muulize mwanafunzi yeyote mweusi utakayemkuta stesheni atakupeleka.

Kuhusu uchi ni kweli, onseni (ndo hayo mabafu ya maji moto) za watu wote unaingia kama ulivyozaliwa, wanawake kwao wanaume kwao, unakaa kwenye kigoda unajisugua mpaka utakate ndo unaingia kwenye maji, kile kitaulo kidogo hakigusi maji, wanajitwika kichwani. Lakini Beppu si mji wa onseni moja, chemchemi zake zinapita 2,000, ukitembea jioni unaona mvuke unatoka mpaka kwenye mitaro ya barabarani, kwa hiyo kila aina ya mtu kawekewa yake. Uliza kazokuburo, yaani bafu la familia, mnalipia saa moja wewe na mumeo mnafunga mlango kwa ndani basi, kuna nyingine mnatumbukiza sarafu maji yanajaa mapya mbele yenu. Hapo vaa hata dera ukitaka (usivae, maji yao wanayaheshimu).

Halafu kuna kuzikwa kwenye mchanga. Ndio, kuzikwa. Unavaa yukata, lile joho lao la pamba, unalala kwenye mchanga wa moto mama mmoja anakufukia kwa koleo mpaka shingoni. Pale Takegawara wanayo, jengo la mbao la 1938 ila bafu lenyewe lilianza 1879. Cheki kabla ya kwenda kama hawajafunga kwa matengenezo maana majengo ya zamani yana mambo yake.

Mzee_wa_Raskazone

Huyo anakwenda kulipa nauli ya ndege kwa maji yanayonuka yai viza wakati Galanos iko njia ya Amboni hapo 😂 salfa ile ile.

Mwana_Chumbageni

@Mzee_wa_Raskazone babu nawe. Galanos nimekwenda tangu mtoto, lini umeona pale pana hata kibanda cha kubadilishia nguo?

Bi_Kizingo

Shoga yangu mie nilikwenda na binti yangu, twatoka Mombasa, nikuambie la chakula kabla hujaharibikiwa. Siku mbili za mwanzo nilikula raha zangu, udon (tambi zao nene), mboga, samaki wa kukaanga kwa mchuzi mtamu, siku ya tatu ndio binti akaja nisomea kwa simu kwamba ule utamu ni mirin, na mirin ni pombe ya mchele. Wallahi nilikaa kimya hadi usiku. Basi andika kwenye karatasi kwa Kijapani, nguruwe ni buta, pombe sema arukoru, na mirin itaje kwa jina lake maana mwenyewe mpishi haihesabu kuwa pombe, kwake ni kiungo tu kama sisi na siki. Na usije ukasema "sake hapana", sake kwao ni pombe na pia ni samaki yule wa salmoni, mie niliondolewa samaki mezani hivi hivi namwangalia.

Chakula wanachojisifia Oita ni toriten, kuku wa kukaanga na unga, huliwa kwa limau yao ya kijani iitwayo kabosu. Kuku hakuchinjwa, sikugusa. Lakini tafuta yaseuma, ni unga wa ngano wauvuta vipande virefu bapa, wachemsha, kisha wavigaragaza kwenye unga wa soya wa kukaanga na sukari. Nilipokula nilikumbuka tambi za sukari za mamangu za Ramadhani, tofauti ni nazi na iliki tu.

Boksi_la_Kusini

Bi Kizingo kaongea. Naongeza dawa yenyewe, maana kwa mtu kama dada hapa Beppu naona ni bora kuliko Kyoto mara kumi. Kuna mtaa unaitwa Kannawa, mvuke unatoka ardhini umekaribia kabisa nyuzi 100, na watu wa pale tangu zamani wanapikia huo huo mvuke, wanaita jigokumushi, yaani kupika kwa mvuke wa jehanamu. Pana jiko la umma, mnakodi tanuri la mvuke kwa muda, mnaweka chakula kwenye kikapu mhudumu anawaonyesha namna ya kushusha. Na sio lazima ununue chakula chao! Unapita supamaketi unachukua viazi vitamu, maboga, mahindi, mayai, kamba, kaa, samaki, unakuja navyo. Hakuna mchuzi wa mtu, hakuna mirin, chumvi ya mvuke wenyewe inatosha. Kiazi kitamu kipe nusu saa na zaidi, mayai yanatoka na kaharufu ka moshi hivi, mi nilikuwa nakula sita kwa mkupuo na pilipili yangu ya kutoka nyumbani.

ustadh_wa_mtandao

Swali dogo. Kabla yenu kwenye tanuri hilo hilo nani kapika nini? Mjapani kaweka nguruwe asubuhi, nyinyi mchana mnaweka viazi, halafu mnasema halali.

Pili sijaelewa, Mwislamu anaenda mahekalu kufanya nini?

Bi_Kizingo

La tanuri ana haki. Mie nilifunga kila kitu kwa karatasi ya foili mara mbili, na kamba nikawatia kwenye kijisufuria changu chenye kifuniko nilichotoka nacho Mombasa, wenyewe wakacheka tu wakanipisha. Pia Kannawa ziko nyumba za wageni za zamani ambazo watu walikuwa wakija na mchele wao wakikaa wiki kadhaa kutibu mifupa, tanuri liko uani, mwenyewe wapika kimya kimya. Huko ndiko mlale.

Mwana_Chumbageni

Sufuria nabeba, ahsante dada.

@ustadh naenda kuangalia. Wazungu wanakuja Kilwa kuangalia msikiti mkuu, umesikia hata mmoja kasilimu? Na Amboni mapangoni nikiingia nakuta chupa za marashi na vitambaa vya watu wa mizimu, natazama napita. Nitafanya hivyo hivyo.

Fundi_Probox

Nije kwenye gari maana hapo ndo nilipoumia. Kunisaki bila gari usijidanganye, mabasi yapo ila ukikosa moja unakaa kituoni mpaka uzeeke, na mahekalu yamesambaa kwenye mabonde yanayotoka katikati ya rasi kama stiki za mwamvuli. Kuendesha ni rahisi, wanapita kushoto kama sisi, na gari ni zile zile, utaona Vitz na Noah mpaka utafute namba za T.

SHIDA NI KIBALI. Japani wanakubali kibali cha kimataifa cha kuendesha gari cha mkataba wa Geneva wa 1949 TU. Kile cha mkataba wa Vienna wa 1968 kwao ni karatasi ya kufungia maandazi. Mi nilifika kaunta ya kampuni moja pale uwanja wa ndege, nimeshalipa, nina kibali changu kinang'aa na mhuri, dada wa watu akakifungua akaangalia mwaka akakifunga akaniinamia. Akaniinamia tena. Nikajua nimekwisha. Nilizunguka rasi nzima kwa teksi siku moja, hela niliyotoa sitaki mke wangu aione humu. Kwa hiyo mumeo akitazame chake leo hii kimeandikwa mwaka gani, kama sio 1949 panga dereva kabisa, mkodi teksi kwa masaa, au mtafute mwanafunzi mwenye leseni ya kule.

Mwana_Chumbageni

Uuuwi. Nimempigia, kaniambia "kibali ni kibali". Nimemwambia akisome. Kimeandikwa 1968.

Fundi_Probox

Pole dada. Afadhali umejulia Tanga.

Boksi_la_Kusini

Basi fanyeni hivi. Kutoka Kokura, stesheni ya hapo hapo Kitakyushu, pandeni treni ya Sonic, saa moja na robo hivi mko Beppu. Laleni Kannawa siku zote, msihamehame na mabegi. Siku moja tu ndo mchukue teksi ya masaa mwende Kunisaki, na siku hiyo msitake kuona kila kitu, chagueni vitatu.

Cha kwanza Kumano Magaibutsu, hii ukiikosa bora usingekwenda. Ni sanamu mbili kubwa zimechongwa kwenye ukuta wa jabali ndani ya msitu, moja ina kama mita 8 nyingine karibu 7, zina karne nyingi. Yule wa mita 8 anaitwa Fudo Myoo, mlinzi wa dini ya Kibudha, kwa kawaida Wajapani wanamchora ana hasira meno nje na moto mgongoni, huyu wa hapa kakaa kama babu aliyemaliza kunywa kahawa. Kufika kwake kuna ngazi za mawe, na hadithi yake utaipenda. Zimwi lilitaka kula watu, mungu wa mlima akaliambia sawa, jenga ngazi 100 kwa usiku mmoja kabla jogoo hajawika ntakuruhusu, ukishindwa nakula wewe. Akajua haliwezi. Zimwi likabeba mawe likapanga mbio mbio, mungu kuchungulia yameshafika 99, akaona hapa nitaumbuka akawika mwenyewe kama jogoo. Zimwi likatupa jiwe la mia likakimbia. Ndo maana mawe yamekaa shaghalabaghala, kila moja na kimo chake, kama mtu kapanga huku anakimbizwa. Chini kuna fimbo za mianzi za kuazima, CHUKUENI, usione aibu.

Cha pili Fukiji, iko karibu na hapo, hekalu dogo la mbao tupu la karne ya 12, wanasema kwenye Kyushu hakuna jengo la mbao lililolizidi umri. Halina makuu, ni paa na miti mikubwa ya majani ya njano wakati huo wa Novemba. Cha tatu Futagoji kwa ajili ya majani mekundu, mlangoni pana walinzi wawili wa mawe wamekunja ngumi. Usa Jingu mnaweza kuiacha, ni kubwa na nzuri, ndo mama wa mahekalu yote ya Hachiman, mungu wao wa vita, nchini ambayo ni makumi ya maelfu, ila inawafaa zaidi waabuduo, hata makofi wanayopiga wakiomba pale ni manne badala ya mawili.

Zile "jehanamu" saba za Beppu, yaani chemchemi zinazochemka za kutazama tu, mbili zinatosha. Umi Jigoku maji yake ya bluu kama bahari ya Pemba lakini yana nyuzi 98, na ile ya Oniyama wanafuga mamba kwa joto la chemchemi, tangu miaka ya 1920 huko.

Mzee_wa_Raskazone

Mamba! Anatoka Tanga na Pangani iko hapo, anakwenda kuona mamba Japani. Nipo pale nimekaa.

Bi_Kizingo

La mwisho shoga, pete na bangili za fedha ziache hoteli. Mie nilikwenda Myoban, huko juu kwenye vibanda vya nyasi wanakotengenezea unga wa kuogea kutoka kwenye mvuke wa salfa, bangili ya bibi yangu ya fedha ikageuka nyeusi kama kaa la chungu mkononi mwangu. Na usikae majini zaidi ya dakika kumi mara ya kwanza, toka upumzike unywe maji.

Mwana_Chumbageni

Wakuu nimerudi, niliahidi mrejesho. Teksi tulichukua siku moja, dereva mzee hajui neno la Kiingereza ila alisimama njiani mwenyewe akatuonyesha magogo yamepangwa chini ya miti, yametobolewa yanaota uyoga wa shiitake, akachuma mmoja akampa mume wangu mkononi kama anampa mtoto. Jioni tukaupika Kannawa na kamba wa kisiwa cha Himeshima, ndani ya sufuria yangu ya pilau. Sijala kamba kama wale, na mie ni mtu wa Tanga.

Ngazi za zimwi nilizihesabu nikapotea sitini na ngapi, mume wangu anasema 99 kamili ila namjua, kasoma humu. Mchangani alifukiwa akalala usingizi akaanza kukoroma, yule mama wa koleo akawa anacheka kajishika mdomo.

Kazokuburo tuliingia siku tatu mfululizo. Siku ya nne mie nikaingia ile ya wanawake wote. Alfajiri, palikuwa na bibi mmoja tu wa kama miaka themanini, kanipa kigoda, kanigeuzia mgongo. Ni hivyo, msiniulize zaidi.

Fundi_Probox

Teksi alikuchaji ngapi?

Mwana_Chumbageni

Njoo inbox, mume wangu anasoma huu uzi.