Wiki ya farasi Cheltenham: ukuta wangu umegeuka choo, nifanyeje?

Kutoka: Mama Zuhura
Jumatano, 12 Machi 2025, saa 4:20 asubuhi

Asalaam aleikum, na wengine wote habari za asubuhi. Nimetoka shifti ya usiku na sijalala, nikikosea herufi mnivumilie.

Mlioko Cheltenham, hapa Uingereza, mnajua wiki hii ni ya mbio za farasi. Mimi nilihamia hapa Oktoba kwa kazi ya kea, kuhudumia wasiojiweza, nikapata nyumba ndogo kwenye kinjia kinachokata Evesham Road, karibu na bustani ya Pittville. Dalali alinisifia mtaa kuwa mtulivu, na kweli, wanaopiga kelele ni paka tu. Hakuniambia kwamba kuna siku 4 za Machi ambapo dunia nzima inashuka kwa miguu kutoka uwanjani na kupita hapa.

Jana sasa. Saa 12 na dakika kama kumi jioni, adhana ya simu imelia, tende nimeishika, uji wa pilipili manga uko mezani, Zuhura anapuliza kikombe chake. Nikasikia maji yanamwagika nje kama bomba limepasuka. Nikafunua pazia. Wanaume watatu, suti nzito za sufu, kofia za kikulima, wamejipanga ukutani kwangu kama wanasubiri kupigwa picha ya pasipoti. Mmoja akaniona, akavua kofia akanisalimia! Mkono mmoja kofia, mkono wa pili sisemi, Ramadhani hii. Tende nilishindwa kuimeza.

Haikuishia hapo. Saa mbili usiku natoka kwenda kazini, nimevaa sare na koti, hotipoti ya futari mkononi. Karibu na kituo cha basi mjini kuna ukumbi ambao siku zote ni baa ya kawaida, wiki hii umewekewa bango la mwanamke aliyevaa uzi. Foleni ya wanaume mpaka barabarani. Mmoja akaniziba njia akaniuliza kama na mimi "nafanya kazi humo". Wenzake wakacheka. Na hijabu yangu kichwani.

Maswali yangu: polisi waitwe kwa jambo kama hili au nitaonekana nawasumbua? Nikilalamika, visa yangu ya kudhaminiwa na mwajiri haitaguswa? Na hilo bango la uchi, mji huu unaruhusu?

---

Kutoka: Nesi wa Gloucester
Jumatano, saa 5:02 asubuhi

Pole sana mama. Mimi niko emajensi mwaka wa sita. Mwongee meneja wako leo, muombe akubadilishie rota hadi Ijumaa au akulipie teksi, wengi hukubali kwa sababu wakikukosa watalia wao. Na ukichukua gari: za kusimamisha barabarani ni teksi zenye leseni ya kusimamishwa tu. Hizi zingine za kuita kwa simu lazima uwe umeagiza kabla, na usiingie mpaka namba ya gari ilingane. Usiku wa wiki hii kuna wajanja wanaojifanya madereva. Lala kwanza, maswali mengine atajibu Baunsa.

---

Kutoka: Baunsa
Jumatano, saa 8:45 mchana

Nimeitwa, nimekuja. Mimi nasimama milangoni mwaka wa tisa sasa, nina beji ya SIA, leseni ya walinzi wa huku, na magoti mabovu.

Mama Zuhura, kwanza uelewe ukubwa wa kitu chenyewe. Mji huu una watu wasiofika 120,000. Mwaka 2022 waliingia uwanjani zaidi ya 280,000 kwa siku 4. Chukua Lushoto, shusha juu yake umati wa kariakoo nzima, wape bia tangu asubuhi, halafu mbio zikiisha saa 11 na nusu waambie watembee mjini. Choo kiko wapi? Kwa hiyo ukuta wako si wa kwanza. Malalamiko yalikuwa mengi hadi mwaka 2023 wenye mashindano pamoja na halmashauri wakaanza kampeni ya kuheshimu mji: vyoo vya muda njiani, watu wa doria, na kuta kadhaa zikapakwa rangi inayokataa maji. Ukiikojolea inakurudishia. Nilimshuhudia bwana mmoja wa viatu vya ngozi akiruka kama kuku aliyemwagiwa maji ya moto. Waandikie halmashauri, eleza kinjia chako na kwamba kuna mtoto, uulize kama kinaweza kuingizwa kwenye doria au kuwekewa choo karibu.

Sasa polisi. Mtu akiwa hatarini, au tukio liko mbele yako na linatisha, piga simu 999. Likiwa limekwisha ni 101, au ujaze fomu kwenye tovuti ya polisi, mimi napenda fomu kwa sababu unabaki na namba ya kumbukumbu. Yule aliyekuziba njia ni tukio lake peke yake, liripoti peke yake. Kama unaona alikulenga kwa rangi au kwa hijabu, liseme hilo waziwazi unaporipoti, waliandike kama uhalifu wa chuki. Usiwaachie wao wakisie.

Visa: mwenye visa halali akiripoti kosa alilofanyiwa hana kosa alilotenda. Hakuna fomu ya visa inayouliza umelalamika mara ngapi. Hofu hii tunatoka nayo nyumbani, ambako ukienda kituoni kushtaki unaweza kulala ndani wewe.

Daftari. Nunua daftari. Tarehe, saa, kilichotokea, mstari mmoja mmoja. Piga picha ukuta wakishaondoka, usimpige mtu aliyefungua zipu, utajitafutia ugomvi na mlevi na picha yenyewe ya kazi gani. Kwa sheria ya mwaka 2014 ya tabia za kero, mtu aliyeripoti mara 3 ndani ya miezi 6 na haoni kinachofanyika anaweza kudai kesi yake ipitiwe upya, wakae mezani polisi, halmashauri na wengine wanaohusika. Kila tukio uliripoti ndani ya mwezi mmoja. Kwako wewe siku 4 hizi zinatosha kufikisha 3.

Na usitoke kuwafokea. Najua Tanga mngewamwagia maji ya dagaa. Hapa usitoke.

Watu hutuuliza kwa nini tunawaacha wanalewa hivyo. Sheria ya leseni ya mwaka 2003 inasema kumuuzia pombe mtu aliyekwisha lewa ni kosa. Lakini nani wa kumpima? Mimi humwangalia miguu, si mdomo. Mdomo wa Mwingereza unakuwa na adabu mpaka dakika ya mwisho, "samahani bwana", "asante bwana", kumbe miguu imeshahama. Nikimkataa mlangoni anakwenda kukojoa kwako. Nikimruhusu anatapika kwangu. Ndiyo kazi.

---

Kutoka: Ustadhi
Jumatano, saa 11:10 jioni

Nimesoma nimeumia. Dada yetu anafuturu huku anaonyeshwa uchi! Napendekeza tuandike barua ya pamoja, Waislamu na Wakristo, tuiambie halmashauri kwamba kumbi za wanawake wanaovua nguo ni haramu, ni dhambi, zinaharibu watoto wetu, zifungwe. Mimi nitaandika, ninyi mtie sahihi.

---

Kutoka: Karani
Jumatano, saa 3:30 usiku

Ustadhi, nia njema, lakini barua hiyo itaishia kwenye faili. Nimefanya kazi ofisi ya leseni kwingine, si Cheltenham, nieleze kidogo.

Pingamizi la maadili peke yake halihesabiwi. Ukiandika "dhambi", mwanasheria wa mwenye klabu anafurahi, maana hiyo aya itarukwa. Andika vitu vinavyohesabika: shule iko umbali gani, njia ya wafanyakazi wa usiku ni ipi, nani alisumbuliwa wapi saa ngapi. Kumbukumbu ya Mama Zuhura, yenye hotipoti na kituo cha basi, ina uzito kuliko sahihi 200.

Kumbi hizi zilikuwa zinapita kwa leseni ya baa ya kawaida. Sheria ya polisi na uhalifu ya mwaka 2009 ndiyo iliyozipa halmashauri uwezo wa kuzidai leseni maalumu, kwa kuzitia ndani ya sheria ya zamani ya 1982. Leseni ni ya mwaka mmoja mmoja, ikiombwa wananchi wana siku 28 za kupinga, na halmashauri ikitaka inaweza kusema idadi inayofaa eneo fulani ni sifuri.

Ila kuna tundu. Ukumbi ukifanya shughuli hiyo si zaidi ya mara 11 kwa miezi 12, kila mara isizidi saa 24, na kati ya mara moja na nyingine upite mwezi, hauhitaji leseni hiyo maalumu. Ndiyo sababu baa ya kawaida inaota bango wiki ya farasi kisha bango linayeyuka. Hesabuni lakini: saa 24. Ukumbi mmoja ukifanya Jumanne hauwezi kurudia Alhamisi kwa msamaha huo. Mama Zuhura, leo ukipita angalia kama bango bado lipo na wanacheza. Hilo ndilo la kuwaandikia ofisi ya leseni, tarehe kwa tarehe.

Na kwa siku za kawaida: mkiona karatasi ya buluu hafifu kwenye dirisha la baa, isomeni. Ni ombi la leseni mpya au mabadiliko, na siku 28 za kupinga zinahesabika. Hoja zipite kwenye milango minne tu: uhalifu na vurugu, usalama wa watu, kero kwa umma, na kuwakinga watoto. Jueni pia kwamba jina na anwani ya mpingaji kwa kawaida humfikia mwombaji. Anayeogopa amwombe diwani wake amsemee.

---

Kutoka: Dada Msafishaji
Alhamisi, 13 Machi, saa 7:15 mchana

Sikutaka kuandika hapa lakini Ustadhi amenigusa. Mimi nimesafisha ukumbi mmoja wa aina hiyo, mji mwingine, miaka miwili, saa 10 alfajiri hadi saa 1. Sioni haya, watoto wamesoma kwa mopu hiyo. Wale mabinti niliowakuta wanabadilisha nguo ndio waliokuwa wananisalimia. Mmoja alikuwa anasomea uhasibu, daftari lake liko kwenye meza ya vipodozi, kurasa zina pambo la kumetameta. Siku niliyoteleza kwenye ngazi yeye ndiye aliyenifunga kifundo cha mguu kwa soksi yake, wateja walinivuka.

Sisemi ni kazi nzuri. Nasema mkiandika barua msiwaandike wao kama uchafu. Na ukumbi ukiwa na leseni angalau kuna masharti, kuna kamera, kuna kaka kama Baunsa. Ukifukuzwa unakwenda kwenye nyumba isiyo na namba.

---

Kutoka: Ustadhi
Alhamisi, saa 9:40 alasiri

Dada, nimekusoma mara mbili. Maoni yangu juu ya ukumbi hayajabadilika. Neno "uchafu" nimelifuta. Karani, nitumie mfano wa hiyo barua ya tarehe na saa.

---

Kutoka: Dereva Mzaramo
Alhamisi, saa 9:52 alasiri

Jamani mimi wiki hii naomba msiifunge. Kodi ya nyumba ya Aprili inatoka kwa hawa hawa walevi. Ila siti ya nyuma nimeitandika nailoni.

---

Kutoka: Mama Zuhura
Jumamosi, 15 Machi, saa 5:00 asubuhi

Ndugu zangu, nimelala saa tisa mfululizo, nimerudi kuwa mtu.

Meneja alinitoa usiku wa Jumatano na Alhamisi, akaniweka asubuhi. Ijumaa ya Kombe la Dhahabu, siku ya mwisho ya mbio, nilikuwa nyumbani. Fomu za polisi nimejaza tatu: ukuta mara mbili, yule wa kituo cha basi mara moja, na la hijabu nimeliandika. Namba zote ziko kwenye daftari, Baunsa usiniulize. Bango nililikuta bado lipo Alhamisi mchana, lakini sikuwa na njia ya kujua kama ndani wanacheza au limesahaulika tu, na kuingia kuuliza siingii. Nimeandika hivyo hivyo nilivyoona, nikamtumia Karani aitazame kabla sijaituma.

Leo asubuhi nimetoka na ndoo na dawa ya kusugulia. Mtaa umejaa glasi za plastiki na vikaratasi vya kamari. Kimoja kimenata mlangoni: pauni 20, jina la farasi limefutika kwa mvua. Na kiatu kimoja cha kike, kisigino kirefu, kimewekwa vizuri juu ya ukuta kana kwamba mwenyewe anarudi.

Jirani yangu, bibi wa kizungu ambaye tangu Oktoba tumekuwa tukipungiana mikono tu, alikuwa naye anasugua kwake. Nikaona upande wake ni mkavu. Nikamuuliza. Akanionyesha chini ya ukuta wake: amepanda mawaridi ya kutambaa, miiba kama sindano ya kushonea magunia, yamemfika kifuani. Anasema ana mwaka wa kumi hajakojolewa.

Amenikatia vijiti vitatu, nimeshavichomeka. Kwa sasa vina urefu wa kidole. Amesema Machi ijayo vitanifika gotini, na kwamba hapo ndipo panapotosha.