Naomba ushauri: M35A2 (lori la kijeshi la Marekani) inavuja gurudumu la nyuma

Wakuu, tairi la ndani kulia limelowa mafuta, na yanachuruzika kutoka chini ya dramu. Ni mazito, meusi, yananuka salfa, kwa hiyo nashuku oili ya difu (80W-90, ya gia za ekseli) inayopita kwenye sili ya habu (kitovu cha gurudumu). Lakini silinda ya breki siiondoi kwenye orodha: DOT 5 (mafuta ya breki ya silikoni) ina rangi ya zambarau ikiwa mpya, ikichanganyika na vumbi la breki huwezi kuitambua. Kiwango kwenye masta silinda hakijashuka. Tundu la kupumulia la ekseli limeziba tope, na presha inayojengeka ndani kwa sababu hiyo peke yake husukuma oili nje. Nikifungua, nibadilishe sili zote pamoja na beringi? Breki shuu zilizolowa zinaoshwa, au ni za kutupa?