Semista nzima ya Sheria ya Ardhi tunafundishwa ardhi ya Uingereza, ya kwetu tunaambiwa "kasomeni wenyewe"

Wakuu, nasoma sheria, chuo sikitaji, na hili limenikaa kooni toka semista ianze. Hivi nani aliamua mwanafunzi wa Tanzania akisoma sheria ya ardhi lazima aanzie kwa mfalme wa Uingereza mwaka 1066, akariri mabwana wa kule walivyokuwa wanagawiana mashamba, aingie fii simpo (kumiliki ardhi moja kwa moja bila ukomo), atoke aingie fii teili (ardhi ya kurithiwa na uzao wa mwenyewe tu), wiki zinakatika tu, test ya kwanza yote iko huko huko, halafu Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za 1999, zinakuja kukimbizwa mwishoni UE (mtihani wa mwisho wa semista) ikiwa mlangoni!!

Na hiyo fii simpo kwetu HAIPO. Ilifutwa 1963, waliokuwa nayo wakageuzwa wapangaji wa serikali, 1969 na upangaji wenyewe ukageuzwa kuwa haki ya kumiliki hii tunayoijua. Ardhi yote ni ya umma, Rais ndo mdhamini, wewe ukimilikishwa na serikali unapewa haki ya kuikalia na kuitumia kwa muda, mwisho miaka 99. Hata Waingereza wenyewe kwa sheria yao ya 1925 walipunguza aina za umiliki zikabaki mbili, sisi huku tunakesha na walizozitupa.

Historia siikatai, ila mbona yetu ipo na inaumiza kichwa vya kutosha? Kuna sheria ya mkoloni ya 1923, kuna Operesheni Vijiji watu wakahamishwa kwenye maeneo ya babu zao, kuna Tume ya Profesa Shivji ya 1991 iliyozunguka mikoani kusikiliza wananchi, kuna kesi ya Lohay Akonaay ya 1994 ambapo Mahakama ya Rufani ilisema haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Jamani kesi hiyo ndo inamsimamia mzee wa kijijini ambaye hana karatasi hata moja, na kwetu imepata mstari mmoja kwenye slaidi.

Lingine, Sheria Na. 4 inasema ardhi ya jumla, ile iliyo chini ya Kamishna wa Ardhi, ni pamoja na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika, Na. 5 kwenye tafsiri yake hayo maneno haina. Sasa malisho ambayo wafugaji wanayaacha yapumzike hadi msimu mwingine, hayo yanatumika au hayatumiki?? Nani ana mamlaka nayo, kijiji au Kamishna? Watu wanagombana kwa mambo kama haya halafu mwalimu anasema hiyo kasomeni wenyewe muda umeisha. Muda umeisha kwa sababu ya 1066!

Lililonifanya nianzishe uzi ni hili sasa. Madesa (notisi tunazosomea) ni ya zamani, yanasema Baraza la Kata linasikiliza na kuamua kesi za ardhi. Sheria ilibadilishwa 2021, Baraza la Kata limebaki na kusuluhisha tu, likishindwa ndo mtu anaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Waliojibu sheria ya sasa kwenye test wamekatwa maksi, waliomeza desa wamepata. Tumepeleka malalamiko idarani tukaambiwa tujibu kama tulivyofundishwa. Yaani mtu apewe sapu (mtihani wa marudio) kwa kuijua sheria ya nchi yake?

Na mwaka huo huo 2021 Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama, sisi hakuna hata semina moja ya kuandika hoja ya ardhi kwa Kiswahili. Likizo ukirudi nyumbani hakuna anayekuuliza fii teili, wanakuuliza mume kaweka nyumba rehani benki mke hajui inakuwaje, jirani kakaa kwenye shamba miaka zaidi ya 12 naweza kumtoa, hii karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mwenyekiti wa mtaa inanilinda au nimepigwa. Haya yote yana majibu kwenye sheria zetu na ndo tulipaswa kuyasoma toka wiki ya kwanza.

Tunataka maksi za ile test zisahihishwe upya na desa la mabaraza litolewe kabla ya UE. Mlio vyuo vingine semeni, kwenu Baraza la Kata mnafundishwa lipi, la kabla ya 2021 au la sasa?