Tairi za inchi 35, difu loki au gia za kutambaa: nianze na nini?

solai_mwamba · Jumatatu, saa 2:40 usiku

Wakuu, habari za jioni. Nina pikapu ambayo nimekuwa nikiijenga polepole kwa ajili ya miamba. Mwezi ujao nitakuwa na laki mbili na nusu, na nimeahidi nyumbani kwamba ni hizo tu hadi Desemba. Nimebaki na njia tatu: tairi za inchi 35 na rimu zake, difu loki ya nyuma (inayofanya magurudumu yote mawili ya nyuma yazunguke pamoja), au gia za kutambaa, yaani za kwenda polepole kabisa, kwenye transfa (lile boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma). Fundi wangu anasema tairi, rafiki yangu ninayetoka naye anasema loki. Jumapili nilikwama Menengai kwenye yale mawe meusi, gurudumu moja la nyuma liko hewani likizunguka bure na mwenzake aliye chini ametulia tuli. Ilinichukua saa nzima kutoka. Ningeanza na ipi?

fundi_wa_shabab · saa 2:58 usiku

Pikapu gani? Injini gani? Mbele ni ekseli nzima au ni ya mikono, kila gurudumu peke yake? Springi gani? Tairi za sasa inchi ngapi? Huwezi kwenda duka la dawa ukasema tu "naumwa". Leta maelezo kwanza.

njoro_110 · saa 3:05 usiku

Kabla hata hajajibu: angekuwa na Land Rover 110 angekuwa na gia za kutambaa tayari. Transfa ya LT230 upande wa chini ni 3.32, difu ni 3.54, gia ya kwanza ya giaboksi ya R380 ni 3.69. Zidisha zote upate 43, yaani injini inazunguka mara 43 gurudumu likizunguka mara moja. Hiyo ni gari kama ilivyotoka kiwandani.

solai_mwamba · saa 3:31 usiku

Samahani wakuu. Ni Hilux LN106, dizeli 3L ya 2.8, ekseli nzima mbele na nyuma, springi za majani pande zote. Imeinuliwa inchi 2 kwa springi. Tairi ni inchi 31. Difu zote mbili ziko wazi, hazina loki.

fundi_wa_shabab · saa 3:50 usiku

Sasa tunaongea. Hiyo ni chasisi nzuri sana kwa mawe, usiiuze. Uwiano wa difu unaujua? Kama hujui, inua gurudumu moja la nyuma, lile jingine likae chini, gia iwe nyutro. Weka alama ya chaki kwenye propela (ile shafti ndefu inayozungusha difu) na kwenye tairi. Zungusha tairi mara mbili kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela. Ikizunguka mara nne na kidogo, ni 4.1.

nyar_kibos · Jumanne, saa 12:20 asubuhi

Mimi niko Kisumu na nitamtetea fundi wake wa tairi. Huku uwanda wa Kano mvua ikinyesha udongo mweusi unafika kwenye ekseli, na gari lenye loki mbili na tairi ndogo linakaa pale pale kama nyumba. Nilipotoka 31 nikaingia 33 zenye meno mapana, nilianza kupita njia za Ahero nilizokuwa naogopa. Tairi ndiyo sehemu pekee ya gari inayogusa ardhi. Anza hapo.

fundi_wa_shabab · saa 12:48 asubuhi

Dada, kwa matope nakubaliana nawe neno kwa neno. Lakini mwenzetu yuko Menengai. Mawe yale ni lava iliyopasuka, makali, mengine yana kioo cheusi ndani yake. Hapo shida si kuzama. Shida ni gurudumu kubaki hewani, na difu iliyo wazi inapeleka nguvu kwa yule asiye na kazi. Tairi kubwa haitibu hilo.

Halafu tuhesabu hizo 35. Kutoka 31 hadi 35 ni inchi 4 za kimo, lakini chini ya difu unapata nusu tu, yaani inchi 2. Ukienda 33 unapata 1. Na kwa kila inchi unayoongeza, gia zako zinakuwa ndefu. Difu ya 4.1 iliyotengenezewa tairi ya karibu inchi 29, ukiweka 35 inafanya kazi kana kwamba ni 3.4. Injini ya 3L haina turbo. Utakuwa unachoma klachi kila kilima.

samurai_410 · saa 1:15 asubuhi

Uzito, wakuu, mbona hakuna anayetaja uzito? Kasuzuki kangu kana injini ya chini ya lita moja na kanapita mahali Hilux zinaanza kutafuta winchi. Nilitoa viti vya nyuma, nikatoa bampa ya chuma kizito, nikaweka ya bomba. Kabla hujanunua chochote, toa. Lile geti la nyuma la hiyo pikapu peke yake ni mzigo.

njoro_110 · saa 1:22 asubuhi

Suzuki inapita kwa sababu ni nyembamba. Mpe jiwe la kiuno tuone.

samurai_410 · saa 1:24 asubuhi

Nimepanda ya kiuno, na picha nimeziweka humu zaidi ya mara moja.

kabarnet_hilux · saa 4:10 asubuhi

Ndugu solai_mwamba, kwa vile difu loki ni ghali, najua kuna mtu atakuja kukuambia uchomelee difu ya nyuma kwa bei ya soda. Nisikilize kwanza, kwa sababu gari langu lilikuwa kama lako kabisa.

Nilichomelea. Fundi alikuwa na mashine ya kawaida na vijiti vya kawaida, na hakupasha chuma moto kabla wala hakukiacha kipoe taratibu. Alimaliza kwa nusu saa. Miezi mitatu ya kwanza nilikuwa mfalme, sitadanganya. Magurudumu yote mawili ya nyuma yanavuta pamoja, napanda mahali nilipokuwa natazama tu. Lakini kwenye lami kila kona tairi zinalia, maana ya ndani na ya nje zinalazimika kuzunguka sawa wakati njia zao si sawa. Mwezi wa Aprili nikiteremka kutoka Kabarnet kwenda Marigat, lami imelowa, nikakata kona na sehemu ya nyuma ikataka kunipita. Mke wangu alikuwa ndani na mtoto mapajani. Nilitulia pembeni dakika kumi kabla mikono haijaacha kutetemeka.

Ningetoa siku hiyo hiyo, sikutoa. Wiki mbili baadaye nilikuwa kwenye korongo huko milima ya Tugen, gari limeinama, nikasikia "tak", halafu kitu kama mtu anatafuna changarawe, halafu kimya. Kipande cha ule mshono wa kuchomelea kilikuwa kimekatika kikaingia kati ya kraunwili na pinioni, zile gia mbili kuu za difu. Difu imejifunga, magurudumu ya nyuma hayaendi mbele wala nyuma, ganda limepasuka na mafuta yanamwagika mchangani. Tulilala hapo. Asubuhi kijana wangu alipanda matatu hadi Nakuru, akanunua difu ya mtumba, akairudisha hadi Marigat, na kutoka Marigat ikaletwa na boda boda ikiwa imefungwa kwa gunia nyuma ya dereva. Tuliifunga tukiwa tumelala kwenye mawe, jua kali. Gharama yote ilizidi ile ya loki halisi. Hiyo soda niliinunua kwa bei ya ng'ombe.

njoro_110 · saa 4:31 asubuhi

Pole sana kaka. Na hapo ndipo napenda ekseli ya kuelea kabisa. Kwenye 110 ungefungua bolti za kitovu, ukavuta hafushafti zote mbili (shafti zinazotoka kwenye difu kwenda magurudumuni) bila kutoa gurudumu, ukatoa propela ya nyuma, ukafunga difu ya katikati, ukarudi nyumbani kwa magurudumu ya mbele. Kwa Hilux yako hafushafti ndiyo inayobeba gurudumu, ukiitoa gurudumu linatoka nayo.

kabarnet_hilux · saa 4:40 asubuhi

Hilo ni kweli na silipingi. Ila hafushafti za Land Rover za zamani zenye meno 10 ungekuwa umezivuta kwa sababu nyingine kabisa: zimekatika.

njoro_110 · saa 4:44 asubuhi

Zenye meno 24 ziko, nimeweka, na hazijanisumbua.

babu_wa_subukia · saa 7:05 mchana

Vijana, salaam. Nimesoma yote. Nimekuwa nikifuata Rhino Charge, yale mashindano ya magari porini, tangu miaka ile ya kwanza, ilianza 1989 kuchangisha pesa za ua la umeme la msitu wa Aberdare, na ua lile likakamilika 2009. Kanuni yake ndiyo iliyowafundisha watu wa nchi hii kujenga magari ya mawe. Vituo 13, saa 10, na anayeshinda ni aliyefika vyote kwa umbali mfupi zaidi. Si mwenye mbio. Ukizunguka kilima umepoteza, kwa hiyo lazima ukipande. Na nilichoona miaka yote hiyo ni kwamba gari linaloenda polepole kabisa, dereva ametoa kichwa dirishani anatazama gurudumu, ndilo linalorudi likiwa zima. Mimi ningechukua gia za transfa.

fundi_wa_shabab · saa 7:40 mchana

Shikamoo babu. Umesema nilichotaka kusema.

Tuweke hesabu ili kijana aone. Gia ya kwanza ni karibu 4, transfa ya Hilux upande wa chini ni 2.28, difu 4.1. Inakuja karibu 37. Kwa tairi ya 33 na injini ikizunguka mara 750 kwa dakika, gari linakwenda kilomita 3 na kidogo kwa saa. Ni mwendo wa mtu anayetembea taratibu. Kwenye ngazi ya mawe huo ni mbio, ndiyo maana unakanyaga klachi, gari linarudi nyuma, unaachia, linaruka. Ile ruka ndiyo inayovunja hafushafti na vile vifundo vya mbele, viungo vinavyozungusha gurudumu hata ukikata stiringi. Ukiweka gia za 4.7 kwenye transfa unafika 77, na gari linakwenda kilomita moja na nusu kwa saa bila wewe kugusa klachi. Nimefungua ekseli nyingi zilizovunjika, na karibu kila mwenyewe anasema "nilikimbia kidogo nipate nguvu".

nyar_kibos · saa 8:15 mchana

Shikamoo babu. Fundi, swali. Gia hizo zinatoka nje ya nchi, usafiri na ushuru umehesabu? Laki mbili na nusu inatosha?

fundi_wa_shabab · saa 8:29 mchana

Gia zenyewe, ndiyo. Ukiongeza beringi, sili na kazi, inabana sana. Ni lazima atumie beringi mpya, asirudishe zile za zamani.

solai_mwamba · saa 1:50 usiku

Babu, shikamoo, na asanteni wote. Nimefanya ile ya chaki na kijana wangu, imetoka mara nne na kidogo, kwa hiyo ni 4.1. Kuna jambo sikusema mwanzo. Gari hili Jumatatu hadi Ijumaa linabeba maziwa kutoka Mau Narok, lita 600 hivi, na njia nzima nikishuka ni lami au murram. Miamba ni wikendi tu.

fundi_wa_shabab · saa 1:58 usiku

Hilo ndilo lilipaswa kuwa sentensi ya kwanza. Lita 600 ni zaidi ya kilo 600! Unashuka Mau na mzigo huo, barabara imelowa, na unataka tairi za 35 kwa breki zile zile? Hapana. Na difu iliyochomelewa usiifikirie hata usingizini.

kabarnet_hilux · saa 2:06 usiku

Basi kwangu jibu liko wazi. Chukua loki ya upepo, ile ya kubonyeza swichi. Siku za maziwa imezimwa, difu ni ya kawaida. Jumapili unabonyeza.

samurai_410 · saa 2:11 usiku

Nunua kasuzuki ka wikendi, Hilux ibaki na maziwa yake. Nasema kwa dhati. Gari la kazi likivunjika Jumapili, Jumatatu maziwa yanaharibika.

fundi_wa_shabab · saa 2:25 usiku

Loki ya upepo ni nzuri, lakini ina matunzo. Bomba lake la upepo lipite mbali na ekzosi na lisiguse springi. Sili za ndani zikichoka, mafuta ya difu yanapanda hadi kwenye kompresa. Kama ukiweka, mpe mtu aliyewahi kufunga, na akuonyeshe jinsi alivyopima mguso wa kraunwili na pinioni kwa ile rangi. Asipojua rangi ni nini, chukua difu yako uende.

Na chochote utakachonunua, kwanza angalia nundu za mbele, yale maganda ya mviringo kwenye ncha za ekseli. Zikivuja mafuta yaliyochanganyika na grisi, sili ya ndani ya ekseli imekwisha. Fungua, safisha, funga upya. Vifundo vya mbele vikikauka grisi, siku utakayokata stiringi hadi mwisho huku umekanyaga, vitapasuka. Na kile kipumulio cha ekseli kipandishe kwa mpira hadi kwenye boneti. Difu moto ikiingia mtoni inavuta maji, na mafuta yakiwa rangi ya chai ya maziwa umechelewa.

nyar_kibos · saa 2:40 usiku

Na upepo wa tairi? Solai_mwamba, ile Jumapili ulikuwa na ngapi?

solai_mwamba · saa 2:47 usiku

PSI 32 zote. Sikupunguza.

babu_wa_subukia · saa 3:02 usiku

Mwanangu! Shuka hadi 16 au 18 ukiwa kwenye mawe, tairi ilale na kushika. Ila yale mawe ya Menengai yanakata ubavu, kwa hiyo usishuke sana, na uwe na kompresa ya kurudisha kabla ya lami.

njoro_110 · saa 3:10 usiku

32 kwenye mawe. Ndiyo maana gurudumu lilikuwa hewani.

kabarnet_hilux · saa 3:13 usiku

Si kweli njoro_110. Gurudumu lilikuwa hewani kwa sababu springi za majani zilizoinuliwa ni ngumu na hazinyooki. Upepo usingelishusha. Angalia kwanza shakeli zake, vile vishikio vya ncha za springi.

njoro_110 · saa 3:20 usiku

Koili zingenyooka.

kabarnet_hilux · saa 3:21 usiku

Na kilo 600 za maziwa ungezibeba na koili zipi?

solai_mwamba · saa 9:30 usiku

Siwezi kulala kwa hesabu hizi. Jumapili narudi pale pale na upepo wa 18 na bila geti la nyuma, nione itapanda hadi wapi, kisha nitawaambia. Kama kuna mtu Nakuru ana sili za nundu za LN106, mpya, si mtumba, anijulishe. Ya kulia inavuja, nimeangalia sasa hivi kwa tochi.

samurai_410 · Jumatano, saa 12:05 asubuhi

Hilo geti ukilitoa, unaliuza?