Shurba ya Ramadhani: oti, ngano au wimbi?

Bint Mkomani: Assalaam aleikum nduzangu. Kwetu Amu shurba ni ya ngano tangu enzi za nyanya. Sasa mama kaambiwa apunguze kolesteroli, na sukari pia inamsumbua. Jirani anasema nitie oti, mke wa ami kashikilia uji wa wimbi. Nifuate lipi?

Wa Shela: Waaleikum salaam. Kwa kolesteroli, oti. Zina nyuzinyuzi ziitwazo beta-glukani. Ule utelezi wake huzuia nyongo isirudi mwilini, na ini huchukua kolesteroli ya damuni ili litengeneze nyongo nyingine. Lakini inatakiwa kama gramu 3 kwa siku, nazo zataka oti kavu karibu gramu 75. Bakuli moja la shurba halifiki huko.

Mpishi wa Malindi: Na si oti zote, dada. Zile za kumiminia maji moto hupandisha sukari upesi, na pakiti nyingine zimetiwa sukari kabisa. Tafuta zile bapa, nzimanzima. Mimi huchemsha mifupa ya mbuzi na kitunguu, tangawizi, mdalasini na pilipili manga. Nyama ikilainika natia oti nusu kikombe kwa vikombe 6 vya supu, moto mdogo, dakika 15, huku nakoroga. Epua ingali nyepesi, maana ikikaa huzidi kuwa nzito. Ndimu kila mtu akamue mwenyewe. Kwa ladha, haki ya Mungu, ngano bado inaongoza. Oti hazina kile cha kutafuna.

Mama Langoni: Wimbi msilidharau! Gramu 100 zina kalsiamu zaidi ya miligramu 300, oti hata 60 hazifiki. Na bei je? Oti ni za wenye pesa.

Wa Shela: Bi mkubwa, kalsiamu sawa, ila mgonjwa ni wa kolesteroli. Tena uji wenyewe mwaumiminia tui zito, lenye mafuta yaleyale aliyokatazwa!

Bint Mkomani: Uji bila tui mama hagusi. Basi nitapika shurba ya oti na mifupa, nienguwe mafuta juu. Vidonge vya sukari anameza asubuhi na jioni.

Mpishi wa Malindi: Hapo aonane na daktari kabla mwezi haujaandama, habari ya dawa na saumu si ya kuamuliwa jikoni. Oti mwanzishie kidogo, na maji anywe ya kutosha. Tumbo lisilozoea hujaa gesi, na tarawehe ni ndefu.