Maabara ya chuo kwa wasarifu wa mwani

Swali: Assalaam alaykum. Kikundi chetu cha Paje, Zanzibar, kinasaga mwani, na wanunuzi wanataka matokeo ya vipimo. Je, tuombe kutumia maabara ya chuo au tununue mashine?

Jibu: Waalaykumu salaam, dada yangu. Ombeni chuoni, kwani mashine ya kupima mnato (uzito wa ute) ikikosa fundi na kazi huharibika, ilhali huko wanafunzi, watafiti na wenye viwanda huitumia kwa zamu.

Jibu: Naongezea: tajeni aina ya mwani, kwa kuwa spinosamu hutoa karajinani (kigandishi kitokacho kwenye mwani) yenye jeli laini na kotoni hutoa yenye jeli ngumu. Andikianeni mkataba kuhusu umiliki wa matokeo kabla sampuli haijatoka mikononi mwenu; kwangu hili ni zito kuliko ada ya maabara.

Muulizaji: Ahsanteni. Wetu ni spinosamu.